Uzi wa mwashi na tairi la nyuma

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za mchana. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini niwaeleze namna ya kujua kama tairi la nyuma limenyookeana na la mbele, na mnanijua, nikianza kuongelea pikipiki dakika ishirini zinaisha bado natafuta spana, kwa hiyo mtanivumilia kidogo.

Kabla sijaenda mbali, ile Boxer nyekundu pale kwenye mwarobaini ni ya nani? Ya kwako dogo? Kaa tu, hujafanya kosa. Jana usiku mvua imepiga, asubuhi hapa uwanjani mchanga ulikuwa umelala vizuri na wewe ndo umeingia wa kwanza, mi nilikuwa pale na chai yangu nikawa naangalia tairi zako zinaandika nini. Pikipiki iliyonyooka ukienda nayo moja kwa moja, tairi la nyuma linapita juu ya alama ya tairi la mbele linaifuta, unabaki na mstari mmoja. Wewe umeacha mstari na kipande. La nyuma limetembea kulia kwa la mbele mwanzo mpaka mwisho, umeshaona mbwa akikimbia, anaenda mbele lakini kiwiliwili kimekaa upande? Ndo hivyo. Nikamaliza chai nikasema leo sina haja ya kuandaa mfano, mfano umekuja wenyewe.

Sasa hii kitu wengi tunaishi nayo bila kujua. Dereva anakuja kwangu anasema fundi, usukani umepinda, mimi naenda mbele lakini mkono mmoja uko karibu na tumbo kuliko mwingine. Mwingine anasema cheni inalia kama kinu na sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, haimalizi miezi mitatu. Mwingine tairi la nyuma limelika upande mmoja kama limepigwa randa. Mwingine ananiambia nikifika spidi 70 na abiria mnene inacheza kiuno. Wote hao wamekuja na malalamiko tofauti, na wote kila mmoja anataka nimuuzie kitu, mmoja sproketi, mmoja tairi, mmoja usukani mpya. Na mi ningeweza kuwauzia, hela ingeingia, na baada ya miezi mitatu wangerudi tena.

Hapa nisieleweke vibaya, si kila pikipiki inayovuta upande ina shida ya nyuma. Anza na upepo wa tairi, halafu inua mbele ucheki beringi za shingo, usukani ugeuke bila kukwama katikati, halafu angalia foku, yale mabomba mawili yanayoshika tairi la mbele, kama hazijajisokota kwenye zile plati mbili zinazozishika, maana pikipiki ikianguka hata ikiwa imesimama foku zinajisokota na usukani unaonekana umepinda, hapo unalegeza bolti, unabana tairi la mbele katikati ya magoti, unanyoosha, unakaza. Dakika kumi. Ukimaliza hayo yote na bado, ndo unageuka nyuma.

Na nyuma kuna jambo moja nataka mtoke nalo hapa, mengine yote mkisahau sawa. Zile alama za kwenye swingaamu, ile mikono miwili ya chuma inayoshika tairi la nyuma, vile vimistari vya kukazia cheni, vinakwambia ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, imekaa wapi kwenye swingaamu. Basi. Havikwambii swingaamu yenyewe imekaaje kwenye fremu, na kama mtu ameshaigusa hiyo swingaamu kwa moto au nyundo, hata hilo la kwanza havikwambii ukweli. Tairi kunyooka ndani ya swingaamu ni kesi moja, swingaamu kunyooka ndani ya fremu ni kesi nyingine. Mafundi tunazichanganya kila siku, na mimi nilizichanganya miaka mingi tu mpaka nikaaibishwa.

Nilinunua Yamaha AG100 kwenye mnada. Vijana labda hamzijui, zile za mabwana shamba na watu wa miradi, tuu stroki, keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote na boksi. Mashine haifi ile. Yangu ilikuwa imezunguka vijijini miaka na miaka, nikaipenda, lakini kila nikiiendesha usukani umegeukia kulia kidogo na mgongo unaniuma. Nikakaza cheni, nikahesabu alama, kushoto ya tatu, kulia ya tatu, sawasawa. Nikabadilisha tairi. Nikafungua foku. Nikarudi kwenye alama, ya tatu, ya tatu. Miezi mitatu hivyo, na mimi ndo fundi, watu wananiletea zao.

Wakati huo nilikuwa najenga ukuta nyumbani, kuna mzee mwashi anafanya kazi pale, mtu wa maneno machache sana. Siku moja ananiangalia nimechuchumaa nyuma ya pikipiki nimefumba jicho moja, akaniuliza unatafuta nini, nikamwambia naangalia kama tairi limenyooka. Akacheka. Akasema mimi nikinyoosha ukuta kwa jicho si utaniangukia? Akachukua uzi wake ule wa matofali, mwekundu, akauliza tu hili gari lako linasimamaje wima. Tukalifunga kamba kwenye tawi la mwembe likasimama. Akazungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, akaleta ncha mbili mbele, moja kila upande, chini kidogo ya usawa wa habu, kile kitovu cha tairi, pasiguse stendi wala eksozi, akazifunga kwenye tofali mbili mbele ya pikipiki. Halafu akawa anasogeza lile tofali polepole, kidogo kidogo, mpaka uzi unagusa tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma bila kulalia. Kushoto hivyo, kulia hivyo. Hapo nyuzi mbili zimekuwa kama kingo za barabara iliyochorwa na tairi la nyuma, na tairi la mbele linatakiwa likae katikati ya hiyo barabara.

Wakuu, upande wa kulia kidole gumba changu kiliingia kati ya uzi na tairi la mbele. Upande wa kushoto uzi ulikuwa umelilalia tairi kabisa, umepinda.

Hesabu yake iko hivi. Tairi la nyuma la 3.00 ni upana wa inchi 3, karibu milimita 76. La mbele la 2.75 ni karibu 70. Tofauti 6, ukigawa pande mbili unatakiwa uone nafasi ya kama milimita 3 kila upande. Tairi za kweli zinatofautiana na namba zilizoandikwa ubavuni kwa hiyo pima na kalipa yako mwenyewe, lakini la muhimu ni kwamba pande mbili zilingane. Mimi nilikuwa na 17 kulia. Maana yake barabara ya tairi la nyuma imehamia kulia milimita 14 ikifika mbele.

Mzee akaniuliza, hapo nyuma kutoka adjasta hii ya kukazia cheni mpaka ile ni upana gani? Nikapima, kama 180. Na kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele? Kama 1260. Akanyamaza kidogo, akasema basi mbele ni mara saba ya nyuma, ukikosea unywele hapa pale unakosea kidole. Na ni kweli, chukua 1260 gawa kwa 180 ni 7. Ekseli ikisogea milimita 1 upande mmoja, kule mbele ni milimita 7. Zile 14 zangu zilikuwa milimita 2 tu nyuma. Milimita mbili! Upana wa mstari wa penseli ya seremala, halafu nimenunua tairi.

Sasa hizo mbili zimetoka wapi na alama ziko sawa? Nikafua swingaamu kwa brashi ya waya, grisi na udongo wa miaka vikatoka, na pale mwisho wa mkono wa kulia nikaona weldi. Mtu zamani aliikata au ilipasuka, akarudisha kile kipande cha mwisho chenye alama, na wakati anachomelea kikarudi nyuma milimita mbili. Alama zimehama pamoja na chuma. Mimi miezi mitatu nahesabu alama za mtu mwingine. Na kwa sababu cheni iko ndani ya boksi sikuwahi kuona sproketi, nilipofungua meno yamelika upande mmoja yanang'aa kama kijiko.

(Dogo wa Boxer hapo akauliza: sasa fundi ulijuaje kwamba ni ekseli na si swingaamu nzima imepinda?)

Swali zuri hilo, na ndo roho ya kazi yenyewe. Uzi unakwambia kuna shida, haukwambii shida iko wapi. Kwa hiyo kinachofuata ni kupima kutoka bolti ya swingaamu, pale inapoingia kwenye fremu, mpaka katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Usitumie tepu, tepu itakudanganya milimita mbili bila aibu, na sisi tunatafuta moja. Chukua nondo ya mm 6, inoe ncha moja, iweke katikati ya bolti ya swingaamu, upande wa pili funga waya au kipini kinachogusa katikati ya ekseli, kaza, halafu ihamishe hivyohivyo upande mwingine. Huhitaji namba yoyote. Ikigonga palepale, ekseli imenyooka na bolti ya swingaamu. Isipogonga, sogeza adjasta mpaka igonge, alama ziseme zinachotaka. Mimi kwenye AG nilisogeza kulia mbele milimita mbili, mzee akavuta uzi tena, tatu na tatu. Nikachukua tupa nikafuta alama za kulia nikapiga zangu, na mpaka leo ziko hivyo.

Wakati wa kukaza nati ya ekseli kuna kaujanja, weka kipande cha kitambaa kinene kati ya cheni na sproketi ya nyuma, zungusha tairi kinyumenyume kidogo likabane, linavuta ekseli igonge adjasta zote mbili, hapo ndo kaza. La sivyo unapima vizuri halafu spana inaihamisha. Na cheni usiikaze kama gitaa, pikipiki nyingi ndogo ni mchezo wa milimita 20 mpaka 30 pale katikati chini.

Haya. Umepima kwa nondo, iko sawa, umevuta uzi, bado barabara imeenda pembeni. Hapo ndo umetoka kwenye kesi ya kwanza.

Bushi. Kwa kazi yetu hii ya mishikaki, abiria wawili watatu kwa mpigo, na magunia, bushi za swingaamu, zile pete zinazozunguka bolti pale inapoingia kwenye fremu, ndo wa kwanza kufa na ndo wa mwisho kuangaliwa. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mtu ashike mbele isicheze, wewe kaa nyuma shika ncha za swingaamu, sukuma kushoto vuta kulia. Mkono mwingine au kidole cha mwenzako kiwe pale kwenye maungio ya swingaamu na fremu, maana macho hayaoni ila kidole kinahisi "tak". Kusiwe na mchezo wowote. Lakini hapa watu wanachanganya, wanashika tairi juu na chini wanatikisa, likicheza wanasema bushi, kumbe ni beringi za tairi. Ukitikisa tairi na swingaamu imetulia, ni beringi. Ukitikisa na swingaamu inakwenda nalo, ni bushi. Kama unataka uhakika, na bushi zako si zile za mpira, toa tairi, fungua shokapu zote mbili kwa chini, inua swingaamu kwa kidole halafu iachie. Ishuke yenyewe, taratibu, bila kukwaruza. Ikidondoka kama mlango uliong'oka bawaba na inayumba, imekwisha. Ikibaki juu haitaki kushuka, bolti imekaukia kutu humo ndani, na kugoma hivyo ni kubaya vilevile.

Bushi mbovu inakupa ugonjwa wa ajabu, ukipima pikipiki imesimama tupu iko sawa, ukipanda na abiria inakuwa kitu kingine. Cheni inavuta upande wa sproketi, swingaamu inafuata cheni, ukiachia mafuta inarudi. Kwa hiyo inapinda ukiongeza mafuta, inanyooka ukipunguza, na dereva anakwambia fundi saa nyingine inavuta saa nyingine haivuti, na sisi tunamwona mwongo.

Bushi zile za mpira uliogandishwa na chuma, jamani, nimeona mtu anazikaza tairi likiwa linaning'inia hewani. Mpira ule hauteleza wala kuzunguka kwenye chuma, umegandishwa, swingaamu ikipanda na kushuka wenyewe unajisokota. Ukiukaza swingaamu ikiwa imening'inia, siku ukipakia unajisokota mara mbili na unachanika. Shusha pikipiki chini, mtu akae juu, ndo ukaze ile nati kubwa. Na vipande vya bomba la maji tafadhali, nawaomba. Nimevitoa vingi. Vinakaa wiki mbili.

Shokapu nitapita haraka: pikipiki ya shokapu mbili zikiwa tofauti nguvu, moja mpya moja ya zamani, swingaamu inajisokota kila ukiingia shimo. Badilisha zote mbili au usibadilishe.

Spoku, hapa napo nimeshalia. Kuna rimu hazikai katikati ya habu, zinavutwa upande kwa makusudi ili zilingane na fremu, sasa rimu ikipinda unampelekea mtu wa kusuka spoku, anasuka vizuri haichezi hata kidogo, lakini ameiweka katikati ya habu kwa sababu jicho lake linapenda katikati. Umerudi na tairi lililonyooka kama sahani lakini limehama pembeni milimita tano. Nondo itakwambia sawa, bushi sawa, uzi utakataa. Kabla hujafungua spoku hata moja, weka rula kwenye ukingo wa habu upande wa breki, pima mpaka ukingo wa rimu, andika kwenye ubao. Mimi naandika kwa tupa kwenye habu yenyewe.

Kama hayo yote yamepita, toa swingaamu nje. Hapa ndo utajua kama chuma kimepinda au kimejisokota, ni magonjwa mawili tofauti. Safisha, rudisha bolti yake ndefu ndani ya bushi na ekseli mahali pake, ukazikaze kwa vipimo vya ile nondo. Una vyuma viwili vinavyopita. Kwanza hakikisha ncha zimetokeza sawasawa, halafu pima kona kwa kona, ncha ya kushoto ya bolti mpaka ncha ya kulia ya ekseli, na kinyume chake, zikitofautiana imepinda. Halafu inama, weka jicho usawa wa ekseli, angalia chuma cha mbele kimelala sambamba nayo au kimoja kimeinua pua. Kikiinua pua imejisokota, na hiyo ndo inafanya tairi la nyuma liegemee wakati la mbele limesimama. Ukitaka kuiona bila kufungua, chukua timazi ya waashi, ule uzi wenye uzito chini, simamisha la mbele mpaka timazi iguse juu na chini, halafu peleka timazi nyuma.

Kuhusu kunyoosha. Kuna mahali, sitaji, walinirudishia swingaamu ya mteja wangu imenyooshwa kwa gesi mpaka chuma kikawa chekundu, na kwenye mkono wa kushoto tu wameongeza sahani wameichomelea urefu wote. Weldi ikipoa inajikunja, inavuta chuma upande wake, kwa hiyo walinyoosha kwa moto na wakapinda kwa weldi siku hiyohiyo. Na chuma chembamba kilichoiva hivyo kinakuwa laini, kesho shimo moja tu. Mteja alilipa mara mbili, mara ya pili swingaamu yenyewe ya mtumba kutoka pikipiki iliyogongwa mbele. Hiyo ndo nawashauri, tafuta ya pikipiki iliyogongwa mbele, siyo nyuma.

Na ikiwa swingaamu imepona vipimo vyote, imebaki fremu. Pitisha chuma kirefu kilichonyooka kwenye tundu la bolti ya swingaamu, kitokeze sawasawa pande zote, pima kutoka ncha ya kushoto mpaka katikati ya shingo ya usukani, na ya kulia vilevile. Mwashi anaijua hii, ni kupima pembe za chumba. Zisipolingana mi siwezi kukusaidia, na yeyote atakayekwambia anaweza kwa mnyororo na mti, mwombe akuonyeshe uzi baada ya kumaliza.

Moja tu kuhusu kujaribu, maana nawajua. Msiachie usukani barabara ya Dodoma eti muone inavuta upande gani. Mwaga maji kwenye mchanga, pita taratibu, shuka, angalia.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Dogo, lete Boxer yako hapa katikati, stendi kubwa. Wewe shika usukani unyooke, usipumue. Nani ana uzi? Huo wa nailoni sawa. Zungusha nyuma, leta mbele, vuta. Sogeza tofali kidogo. Kidogo. Simama hapo, imegusa.

Haya njoo mwenyewe dogo, usimwachie mtu, weka kidole kulia. Kimeingia? Sasa kushoto.

Enhe. Alama zinasema nini, ya nne na ya nne? Nipe ile nondo.